Ile ya Kuonyesha Polisi

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilikuwa kwenye benchi langu mbele ya gereji hapa Buyenzi, Bujumbura, nikingoja chai, kijana wa nyumba ya pili akanijia na Probox nyeupe. Madirisha bado yalikuwa na vumbi jekundu la njia ya Kobero, na kwenye kioo cha mbele palikuwa na kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna mtu wa mtaa wetu awezaye kukisoma. Mjomba wake kalinunua gari hilo, limeshukia bandari ya Dar es Salaam, usukani uko kulia. Nasi huku Burundi twaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva wa gari kama lile akitaka kulipita lori inambidi achungulie kama mwizi. Akalizungusha mbele yangu mara mbili ili nilione vizuri, akazima, akashuka.

"Babu," akasema, "wapi wanatoa asiransi ya bei ya chini? Nataka ile ya kuonyesha polisi tu."

Chai ikaja, watu wakajaa, maneno yakakatikia hapo. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nimeshika usukani miaka thelathini na minane: pikapu, kisha basi dogo, kisha lori la kwenda Dar na kurudi. Hilo neno la "kuonyesha polisi" nililisema kwa kinywa changu nilipokuwa na umri wake, nikalilipia kiwanja. Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenziwe, wavulana kwa wasichana, mliopokea permi ya kuendesha mwaka huu na mnaona mji wote umekuwa wenu.

Kwanza mjue karatasi hiyo ya asiransi, yaani bima, ni ya nani. Polisi wa barabarani, wale wa rulaji, huisoma tu na kuirudisha. Wewe unailipia, lakini si yako. Watu wa bima huiita bima ya mtu wa tatu: wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni uliyoipa fedha, wa tatu ni mtu ambaye hujakutana naye bado. Labda saa hii yuko kwao Cibitoke anafunga kamba za viatu vya shule. Labda ni mama anayeshuka soko la Ruvumera na beseni la ndagala kichwani, mzigo umemkaza shingo hawezi kugeuka kutazama nyuma. Huyo ndiye mwenye karatasi. Siku gari lako litakapomgusa, yeye au watoto wake ndio watakaolipwa. Wewe ukivunjika mkono, gari lako likikunjamana kama kopo, karatasi hii haikujui. Kwa ajili yako na gari lako kuna bima nyingine, ile kubwa, nayo sheria haikulazimishi. Hiari yako na mfuko wako.

Wengi huudhika wakisikia hivyo. "Sasa nalipia mtu nisiyemjua?" Ndiyo. Na mwenye gari mwingine, asiyekujua, anakulipia wewe. Ndiyo maana ikawa lazima.

Deni lenyewe ni la zamani kuliko bima. Sheria tuliyorithi kwa Wabelgiji, iliyotungwa mwaka 1888 kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold na baadaye ikaletwa Ruanda-Urundi, inasema kwa ufupi kwamba aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake amfidie. Hapo haikutajwa gari wala bima. Taabu ilikuja magari yalipozidi, kwa sababu kudaiwa ni jambo moja na kuwa na cha kulipa ni jingine. Dereva masikini akimgonga masikini mwenzake, mahakama itaandika hukumu nzuri sana, na mjane ataikunja aiweke sandukuni. Dunia nzima ililiona hilo. Marekani, jimbo la Massachusetts ndilo lililotangulia kuwalazimisha wenye magari wote, mwaka 1927. Uingereza ikafuata 1930. Kwetu nakumbuka kampuni ya bima ya SOCABU ilivyoanzishwa mwaka 1977, na kwa miaka mingi mtu akisema "asiransi" alikuwa amesema SOCABU. Leo kampuni ni nyingi, kuna ARCA inayozisimamia, kuna sheria ya barabarani ya mwaka 2012 na sheria ya bima. Msinidanganye kwamba hamjui. Mnayajua majina ya wachezaji wote wa Ulaya.

Kuna kundi la vijana wa msikitini wanaoniambia bima ni kamari, kwa hiyo wananunua kwa kulazimishwa na moyo haupo. Mimi si sheikh. Wanazuoni wameijadili sana na wenzetu wa Sudan walianzisha kampuni ya bima ya Kiislamu tangu 1979, ile ya takaful, kwa sababu ya mjadala huohuo. Lakini nawauliza swali moja. Mtu akiua kwa bahati mbaya, dini imeweka diya. Na nani huilipa diya hiyo? Madrasa tulifundishwa: haachiwi muuaji peke yake, ndugu zake wa upande wa baba huchangishana, na hao wanaitwa akila. Ukoo mzima unatoa kidogo kidogo ili nyumba iliyofiwa isife njaa na nyumba iliyokosea isifilisike. Sasa niambieni, ndugu zenu wa upande wa baba wako wapi? Mmoja yuko Uvira, mmoja Kigoma, wawili Kanada, mwingine hamsemeshani kwa sababu ya shamba. Ile akila imetawanyika. Mimi naona hawa wenye magari ya mji mzima, wanaoweka kila mmoja chake kwenye chungu kimoja, wamekaa kwenye kiti chake. Kama sheikh ataniambia nimekosea, nitamsikiliza. Ila mpaka siku hiyo naomba mlipe kwa moyo.

Sasa kiwanja changu.

Mwaka 1989 nilikuwa na pikapu ya Peugeot 404, ya pili kwa mimi kuendesha na ya kwanza kuwa yangu. Nilikwenda kuiandikisha bima. Yule karani akaniuliza kazi ya gari, nikajibu nabeba bidhaa zangu mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya chini. Na kweli nilibeba bidhaa zangu: mawese ya Rumonge, madumu manne, matano. Lakini kila aliyepita barabara ile ya ziwa zama zile anajua kwamba pikapu hairudi Bujumbura na madumu matano tu. Njiani watu wananyoosha mkono. Unasimama. Huyu na kuku wake, yule na mkungu wa ndizi, kila mmoja na faranga zake. Nilihesabu fedha za juu ya madumu kuwa ni faida tupu, kwa sababu mafuta ya gari yalishalipwa na mawese.

Karibu na Kabezi tairi la nyuma likapasuka. Sikuwa na mwendo, wallahi sikuwa na mwendo, ila mzigo ulikuwa juu na gari likalala ubavu polepole kama ng'ombe anayelala. Juu walikuwemo watu sita. Watano walichubuka, wakaoga mawese, wakasimama wakinitukana. Wa sita hakusimama. Alikuwa mama mchuuzi, dumu lilikuwa limemkalia paja.

Kesho yake nilikwenda kwenye kampuni yangu ya bima na suruali bado ina mafuta. Nilikwenda kifua mbele, maana nilikuwa nimelipa, risiti ninayo. Karani hakubishana nami. Aliichukua karatasi yangu mwenyewe, akaigeuza inielekee, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: usafirishaji wa bidhaa za mwenye gari. Akasogeza kidole chini: watu ndani ya kabini, watatu. Akaniuliza yule mama alikuwa wapi. Nikasema juu. Akaiacha karatasi pale mezani kati yetu. Mistari ile niliitembeza mfukoni miezi minane bila kuisoma.

Sikudhulumiwa. Nataka hilo mlielewe, kwa sababu vijana wakisikia hadithi hii husema kampuni za bima ni wezi. Mimi ndiye niliyeuza uongo kwa bei ya chini, na siku ya kuutumia haukufaa. Hospitali niliilipa mimi, miezi kumi na mmoja. Kiwanja nilichokuwa nimekinunua Kinama, ambacho nilikuwa nimekwisha panda miembe miwili mpakani, kikaenda. Yule mama mpaka leo yupo. Akitembea hutanguliza mguu wa kulia kama anayepima maji, halafu wa kushoto unafuata. Kila Idi namtembelea, ananipa chai, hatuzungumzi habari za barabara.

Ndiyo maana kijana wa Probox aliniumiza kichwa. Kampuni ya bima ikikuandikia inataka kujua mambo machache tu: nguvu za injini, kazi ya gari, idadi ya viti. La kwanza liko kwenye karte roze, kadi ya gari, na la tatu linahesabika. Uongo wote huingilia la pili. Gari la kutembelea nyumbani na kazini ni kitu kimoja. Gari la kubeba mizigo yako ni kingine, la kubeba mizigo ya watu ni kingine. La abiria wa kulipa, la kukodisha, la otokole ambalo mwanafunzi anakanyaga klachi na mwalimu anamwomba Mungu, yote hayo yana bei zake, kwa sababu hatari zake si moja. Teksi inashinda barabarani tangu alfajiri. Gari la mwalimu wa shule linashinda chini ya mwembe. Huwezi kuwatoza sawa.

Na najua kilichowaponza wengi miaka hii: mafuta. Tangu petroli ianze kusakwa kama dawa, mtu anakesha kituoni na gari lake, magari yanapangana mpaka kona ya pili, mabasi yanapungua, na jioni mjini watu wanasimama kwenye maegesho hadi giza wakingoja gari la Kamenge au la Kanyosha. Mwenye gari la nyumbani aliyebahatika kupata lita ishirini anapita pale na viti vinne vitupu. Kuwaacha watu ni roho mbaya. Kuwachukua bure ni hasara. Basi anawachukua kwa fedha, leo na kesho, na wiki ya tatu amekuwa teksi bila mwenyewe kujua. Simlaumu kwa kuwabeba. Namlaumu kwa kutorudi kwa kampuni yake kusema, "Jamani, kazi ya gari imebadilika, niongezeeni." Bado hajapata ajali, na hiyo "bado" ndiyo iliyonidanganya mimi kwenye barabara ya ziwa.

Ninyi wa pikipiki na tuk-tuk, mwenzenu hapa gereji aliniambia tangu mlipokatazwa kuingia katikati ya mji, Machi 2022, mmebanwa pembezoni na kazi imekuwa ya kugombania, kwa hiyo bima ndiyo kitu cha kwanza cha kukatwa kwenye hesabu. Namwelewa. Lakini wengi wenu chombo si chenu; mna tajiri mnayempelekea fedha kila jioni. Tajiri ndiye anunuaye bima, nanyi ndio mnaosimamishwa nayo. Basi kabla hujapokea ufunguo, omba kuona karatasi. Soma tarehe. Soma namba, kama ni ya pikipiki hiyo hiyo au ya ndugu yake iliyouzwa. Tajiri akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Na permi yako iwe ya daraja la chombo unachoendesha: kwa kawaida ya mikataba hii, aliyeumia hulipwa, kisha kampuni inamgeukia dereva aliyekuwa hana permi au aliyekuwa amelewa, inamdai mpaka faranga ya mwisho. Kwa hiyo permi ya kuazima haikuokoi. Inabadilisha tu jina la anayekudai.

Vivyo hivyo gari la kuazima. Rafiki anaoa, anakuomba ulete gari lako kwenye msafara wa bibi harusi, na kaka yake ataliendesha kwa kuwa wewe uko kwenye kamati. Huku kwetu bima inafuata gari, si mtu, ila ina masharti juu ya nani akae kwenye usukani. Kaka huyo ana permi? Amekunywa nini tangu asubuhi? Ukiona haya kuuliza, usitoe ufunguo. Haya ya dakika moja ni nafuu.

Mjukuu wangu mmoja anaishi Portland, kwenye jimbo la Maine huko Marekani, ambako Warundi ni wengi hata Idi wanapika pilau kwa masufuria ya kukodi. Nilimpigia WhatsApp nikamuuliza mambo ya kwao. Akaniambia kule kila jimbo lina sheria yake. Maine dereva lazima awe na bima ya kumlipa mtu mmoja aliyeumia mpaka dola 50,000, watu wote wa ajali moja 100,000, na mali za watu 25,000. Jirani zao wa New Hampshire, daraja moja tu la kuvuka, hawamlazimishi mtu kununua, ila ukisababisha ajali utaonyesha utalipa kwa kitu gani, la sivyo unanyang'anywa ruhusa ya kuendesha. Tena kijana analipa zaidi ya mtu mzima, kwa sababu tu ni kijana! Nilicheka sana. Kisha akaniambia lililonifanya niache kucheka. Jioni huwa anapeleka chakula majumbani kwa gari lake, na aliposoma mkataba akakuta umeandikwa wazi kwamba gari likiwa kwenye kazi ya kupeleka vitu kwa malipo, halimo. Ikabidi aongeze. Nikamwambia, mjukuu wangu, hiyo ndiyo 404 yangu, imefika mpaka Marekani.

Wa malori sina haja ya kuwaambia mengi, ninyi mna kadi ya njano ya bima. Lakini mlizaliwa mkaikuta, hamjui tulikotoka. Zamani, kila mpaka ulikuwa na dirisha lake la bima: unavuka, unanunua, unavuka tena, unanunua tena, na siku ya Jumapili mwenye dirisha amekwenda kanisani nawe unalala chini ya tela. Mpango wa kadi ya njano ulianza kazi mwaka 1987 chini ya jumuiya ya biashara ambayo leo inaitwa COMESA. Unainunua kwa kampuni yako hapa Bujumbura, na ukimgonga mtu ng'ambo, huko kuna ofisi ya kumhudumia aliyeumia kwa sheria ya nchi yake, kana kwamba umekata bima kwao. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi ilibaki, na hilo ndilo lililotuokoa sisi wa Dar, kwa sababu njia yetu yote ni Tanzania. Kongo nayo imo. Wanaovuka Gatumba kwenda Uvira wakumbuke kwamba kule kampuni ya bima ya SONAS ilikuwa peke yake tangu 1966, na sheria ya 2015 ndiyo iliyofungua mlango kwa wengine. Mtu akikutolea karatasi barabarani yenye jina usilolijua, kadi yako ya njano itakuepusha na mazungumzo marefu. Na Tanzania askari hababaishwi na kibandiko. Anaandika namba ya gari kwenye simu na simu inamwambia kama bima iko hai.

Usisahau tu kwamba ukitoka Kobero unahama upande wa barabara. Hakuna karatasi inayokukumbusha hilo. Nimemwona dereva mzoefu, mtu wa hesabu nzuri, akiamka usingizini Ngara, akawasha, akashika kulia.

Halafu kuna wale wa baiskeli. Barabara namba moja, ile inayopanda Bugarama, mnawajua: wanashuka na ndizi kama risasi, wanarudi juu wamejishika nyuma ya lori kwa mkono mmoja. Baiskeli haina bima na mwenye baiskeli hana chochote. Huwezi kuwazuia, nilijaribu miaka yote. Konvoyeri wangu, yaani utingo, alikuwa akiwatupia maganda ya ndizi, nikamkataza, kwa sababu mmoja akishtuka akaachia mkono tutakuwa tumemuua kwa ganda. Nilichoweza ni kuwahesabu. Kwenye kila kona ya kushoto wanaonekana kwenye kioo: watatu, watatu, watatu. Siku moja nikaona watatu, kona iliyofuata wawili. Nikasimama. Alikuwa ameshuka kukojoa. Akanipungia mkono, nami nilikuwa natetemeka magoti, hati zote za lori ziko mfukoni, halali, zimelipiwa. Bima iliyotimia haiondoi tetemeko hilo, na namwomba Mungu isiwaondolee.

Ajali itatokea; wanasema haina kinga. Kweli, haina, ila ina gharama, na gharama ina mwenyewe. Ikitokea, simama. Aliyeumia kwanza, magari baadaye. Ita polisi waje wapime na kuandika, usikubali kumalizana gizani kwa fedha za mfukoni na mtu anayeshika kichwa akisema hana neno; kichwa kitamuuma kesho. Piga picha kabla gari halijasogezwa, namba za magari, alama za matairi, nyuso za mashahidi na simu zao. Usitie sahihi kwenye kitu usichokisoma, hasa kikiwa kwa Kifaransa na wewe Kifaransa chako ni cha kusalimia. Kisha nenda kwa kampuni yako ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba, usingoje Idi ipite. Wengi wamekosa haki yao kwa kuchelewa tu.

Na mambo ya komisioneri, madalali wa bima. Wapo pale mjini, wamevaa vizuri, watakuambia ofisi imejaa, lete fedha na karte roze, rudi saa nane. Baadhi yao ni waaminifu, nawafahamu. Lakini karatasi ya bima si viazi. Nenda dirishani mwenyewe, utoe fedha kwa mkono wako, upewe risiti yenye jina lako na namba ya gari, usubiri uione karatasi ikitoka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Jumatatu nilimwita yule kijana nikamweleza hadithi ya mawese, ambayo mama yake anaijua lakini yeye hakuwahi kuisikia. Alisikiliza akichora mchanga kwa ncha ya kiatu. Jumatano akarudi na karatasi mpya, ameinyoosha kwenye ganda la plastiki kama cheti cha shule. Nikavaa miwani. Namba ya gari, sawa. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha. Kazi: usafirishaji wa abiria kwa malipo. Nikamtazama, akatazama pembeni, akasema imekuwa ghali. Nikaendelea kusoma. Abiria: wanne.

"Na kwenye buti?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Kila mtu Burundi anajua Probox inabeba wangapi ikitoka bara, na wale wa nyuma wanakaa vipi, magoti kwenye masikio.

"Wa buti ni wa njia ya mashamba, Babu. Mjini siwezi."

"Nimekuuliza wangapi."

"Watatu. Wakati mwingine."

Nikamrudishia karatasi. Sikusema neno, kwa sababu nilikumbuka yule karani alivyoiacha ya kwangu mezani. Kijana akaisoma pale pale, amesimama juani, midomo inacheza. Akakunja, akaenda.

Leo asubuhi alipita hapa mbele akielekea Ruvumera, akapiga honi. Nilihesabu vichwa. Vilikuwa vitano, na chake kimo. Ya jioni sikuyaona.